Mpira wa Wavu na Lugha ya Majirani

Walimu wa Kiswahili tukikutana, aghalabu mazungumzo yetu huwa juu ya vitabu, mitihani, istilahi na uhaba wa walimu. Hapana ubaya, hayo ndiyo mashamba yetu na yatupasa kuyalima. Lakini kuna mahali ambapo Kiswahili hufanya kazi miongoni mwa nchi zetu pasipo sisi kualikwa, wala kuombwa ushauri, wala kupewa kiti cha mbele. Mahali hapo ni uwanja wa mpira wa wavu. Katika kurasa hizi twapenda kueleza tuliyoyaona na kuyasikia katika viwanja hivyo kwa miaka mingi, tukiwa walimu wa Kiswahili katika mji wa Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, ambako Kigali iko karibu kuliko Kampala, na mtu husikia habari za jirani kabla ya kusikia za jiji kuu lake mwenyewe.

Tuseme mapema tunalolikusudia. Twaamini kwamba mashindano ya vilabu vya nchi jirani yamekifanyia Kiswahili jambo ambalo darasa haliwezi kulifanya peke yake: yamewapa vijana haja ya kukisema papo hapo, mbele ya watu ambao hawana lugha nyingine ya kukutana nayo. Tena twaamini kwamba mashindano hayo, kama yalivyo sasa, ni ya kukatikakatika mno, na yangefaa yawe ligi ya kweli yenye kwenda na kurudi. Sababu zetu si za kimichezo tu.

Mchezo wenyewe si wa kale. Ulibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan, mwalimu wa mazoezi ya mwili katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya watu wazima walioona kwamba mpira wa kikapu una vishindo vingi. Uwanja wake una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Wavu wa wanaume huwekwa juu mita 2.43, na wa wanawake mita 2.24. Hayo kila mwalimu wa michezo anayajua. Mwalimu wa lugha na atazame jambo jingine. Katika kandanda mchezaji aweza kuutuliza mpira, akainua kichwa, akamtafuta mwenzake. Katika mpira wa wavu haruhusiwi kuushika, wala kuugusa mara mbili mfululizo isipokuwa baada ya kuuzuia wavuni, na timu nzima ina miguso mitatu tu kabla ya kuurudisha upande wa pili. Hakuna awezaye kucheza peke yake hata akitaka. Na kwa kuwa mpira hauko mikononi mwa mtu yeyote, hauna mwenyewe mpaka atokee mmoja wa kutamka kuwa ni wake. Hana budi kulitamka hilo kwa sauti, kabla mpira haujafika, na wenziwe hawana budi kumwelewa. Hapo ndipo lugha inapoingia uwanjani.

Shirikisho la Mpira wa Wavu la Afrika limeligawa bara letu katika kanda saba. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zimo katika Kanda ya Tano, pamoja na Ethiopia, Sudan na majirani wengine wa kaskazini. Kuna mashindano ya vilabu ya kanda hiyo. Kuna mashindano ya mwaliko ya Kampala, yanayoandaliwa na klabu ya KAVC na kuchezwa Lugogo. Huko Rwanda kuna mashindano ya kumbukumbu, ambayo tutayarudia hapo chini. Kwa vijana wa shule kuna michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, iliyofanyika Arusha mwaka 2022, Huye mwaka 2023 na Bukedea mwaka 2024. Yote hayo ni mazuri. Lakini tabia yake ni moja: timu hukusanyika mahali pamoja kwa siku chache, hucheza asubuhi na jioni mpaka magoti yavimbe, kikombe hutolewa, mabasi huondoka, na watu hawaonani tena hadi mwaka ufuatao, ikiwa fedha zitapatikana.

Huko Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki, nchi tatu ndogo za Estonia, Latvia na Lithuania zilianzisha ligi ya pamoja ya vilabu vya wanaume tangu mwaka 2005. Kila nchi ilikuwa na vilabu vichache vyenye nguvu, na vilabu vichache vikicheza vyenyewe kwa vyenyewe mwaka mzima huchoshana. Basi vikaamua kuvuka mipaka. Klabu ya Tallinn huweza kwenda Riga kwa basi, kiasi cha kilomita 310, ikacheza jioni na kurudi nyumbani. Sisi jiografia haikutupendelea hivyo. Kutoka Kampala hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 600, hadi Kigali zaidi ya 500, na barabara zetu zina milima, malori, na foleni za forodha ambazo hakuna ramani izionyeshayo. Hata hivyo twawazidi wale wa Baltiki kwa jambo moja. Kilatvia na Kilithuania ni ndugu, ila ndugu wasioelewana, na Kiestonia si wa ukoo huo kabisa; wakikutana yawabidi kuazima lugha ya wengine. Sisi lugha ya kukutana tunayo, na haikuazimwa mbali.

Ili msomaji asiyezoea viwanja apate picha, yafaa tueleze vilabu vyetu ni vya namna gani. Vingi ni vya idara na mashirika. Kenya ina timu za magereza, za polisi, za bandari, za benki, za bomba la mafuta. Rwanda ina timu ya jeshi, ya polisi, ya mamlaka ya mapato, ya shirika la umeme. Lakini pia ina Gisagara, klabu ya wilaya ya mashambani karibu na Huye, ambayo ina ukumbi wake na mashabiki wake, na ambayo imewahi kuwatoa jasho wakubwa wa mji. Uganda tuna vyuo vikuu na vilabu vya wananchi vinavyoishi kwa kuchangishana. Mchezaji wa idara ameajiriwa. Anacheza na kupokea mshahara. Wetu wengi hucheza na kutafuta nauli. Kwa hiyo si ajabu kwamba Kenya imetangulia, hasa upande wa wanawake: timu yao ya taifa, Malkia Strikers, imekwenda kwenye michezo ya Olimpiki mwaka 2000, 2004, ile ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021, na ya Paris mwaka 2024, na mwaka 2022 klabu yao ya KCB ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika huko Kelibia, Tunisia. Wala utaalamu huo haukufungiwa ndani ya nchi moja. Paul Bitok, Mkenya, alifunza timu za taifa za Rwanda kwa miaka kadhaa, na amewafunza vilevile wanawake wa Kenya. Na vilabu vya Rwanda vimekuwa vikiwaajiri wachezaji kutoka Kenya na Uganda.

Mtu aliyevuka mpaka kwa ajira ya namna hiyo hujikuta katika chumba cha kubadilishia nguo chenye lugha nne au tano. Je, atasemaje?

Tulipata jibu la swali hilo siku moja huko Lugogo. Tulikuwa tumekaa nyuma ya benchi la klabu moja ambayo hatuna sababu ya kuitaja. Wachezaji wake walitoka nchi tatu. Seti ya tano ilikuwa imefika 13 kwa 13. Wapinzani walianzisha mpira, ukaja laini katikati ya wapokeaji wawili. Mmoja, kijana wa Bujumbura, akaita kwa Kifaransa, kama alivyofundishwa shuleni. Mwenzake, wa kutoka kwetu, akaita kwa Kiingereza, kama alivyofundishwa shuleni. Kila mmoja alisikia sauti ya mwenziwe, hakusikia neno. Wote wawili wakasita kwa adabu, kama watu wawili mlangoni wakipishana, na mpira ukaanguka chini baina ya viatu vyao. Mpira uliofuata ulipigwa nje, na mchezo ukaisha 15 kwa 13.

Tukamsikia nahodha wao, Mkenya wa bara, akiwaambia kwa sauti ya chini lakini yenye hasira: “Kuanzia kesho kila mtu aseme yangu. Hakuna kingine. Yangu!”

Mwalimu mwenzetu aliyekuwa kando yetu, mzaliwa wa Tanga, akanong'ona, ila kwa mnong'ono wa watu wa Tanga ambao husikika safu tatu: “Wangu, jamani. Mpira wangu.”

Kesho yake timu ile iliingia uwanjani ikiita “yangu” kutoka seti ya kwanza hadi ya mwisho, Mrundi, Mganda na Mkenya, na hapana mpira ulioanguka baina ya watu wawili. Walishinda. Mwenzetu wa Tanga aliumia sikio mchana kutwa, lakini alipiga makofi.

Tumelifikiri tukio hilo mara nyingi. Wapo watakaosema kwamba limekwisha: wachezaji wameelewana, mpira haukuanguka, walimu wakae kimya. Maneno hayo yana uzito. Hatuwezi kudai kwamba mpira ule wa 13 kwa 13 ulipotea kwa sababu ya ngeli. Wapo na wengine watakaosema kwamba Kiswahili cha namna hiyo ni aibu, na ni heri vijana wangeita kwa Kiingereza. Hao hatukubaliani nao kabisa. Kiswahili chenye kosa moja ambacho watu watatu wa nchi tatu wanaelewana nacho kwa nusu sekunde ni mali. Kosa lake ni kazi yetu sisi, wala si sababu ya kukitupa.

Basi tuliporudi Kabale tuliifanya kazi hiyo. Tuliwaandikia wanafunzi wa kidato cha tatu ubaoni neno moja, “mpira”, tukawauliza: likiwa ni lako, utasemaje? Darasa karibu zima lilijibu “yangu”. Tukawauliza: na kwa Rukiga? Wakajibu wote pamoja, bila mmoja kukosea: “Omupiira gwangye.” Hawakusema “yangye”, wala haikuwapitia akilini kusema hivyo. Tukaandika chini yake Kiganda, “omupiira gwange”. Tukaandika Kinyarwanda, “umupira wanjye”. Tukaandika Kirundi, “umupira wanje”. Chini kabisa tukaandika “mpira”, tukaacha nafasi tupu mbele yake, tukasimama.

Msichana mmoja wa safu ya nyuma akasema polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kwamba jirani aliyekuwa akimwona sokoni miaka yote ni binamu yake: “Wangu.”

Hapo tulielewa jambo ambalo vitabu vyetu vya mbinu za kufundisha havikutuambia kwa uwazi wa kutosha. Vijana hawa hawakosei ngeli kwa sababu ngeli ni ngumu. Wamezaliwa ndani ya ngeli. Lugha zao za mama zina ngeli nyingi na wanazitumia kabla ya kuota meno yote. Wanakosea kwa sababu wameletewa Kiswahili kama lugha isiyo na wenyewe, lugha ya stendi ya mabasi, ambayo kila kitu ndani yake ni “yangu” na “yako” na “hii”. Akilini mwao hawakiweki rafu moja na Rukiga. Wanakiweka rafu moja na kelele. Mara tu walipoona kwamba “wangu” na “wanjye” ni tumbo moja, mambo mengine yakafuata yenyewe. Mmoja akauliza juu ya mti, mwingine mkono, mwingine moto. Kipindi kiliisha tukiwa bado kwenye mlima. Na kijana mmoja mtundu akatuuliza kwa nini mpaka wetu na Rwanda upande huu huitwa Katuna na upande wa pili Gatuna. Tulifurahi kwa swali hilo kuliko kwa majibu yote, kwa maana Kinyarwanda hugeuza K kuwa G ikifuatwa na silabi inayoanza na sauti kama T. Kijiji ni kimoja, jina ni moja, na sheria ya matamshi ndiyo iliyochora mstari kati yao kabla serikali hazijachora wa kwake.

Lakini hatuwezi kusema habari za Kiswahili katika Uganda tukaruka jambo ambalo kila mwalimu wa hapa analijua. Kwa watu wengi wa makamo na wazee, Kiswahili si lugha ya kelele tu. Ni lugha ya hofu. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na raia waliisikia sana mahali ambapo hawakutaka kuwapo: kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, mlangoni. Walijifunza maneno ya kuamrishwa. Mzazi wa namna hiyo akimkataza mwanawe kuchukua somo la Kiswahili, si ujinga, ni kumbukumbu. Azimio la baraza la mawaziri la Julai 2022, la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, halikuifuta kumbukumbu hiyo, wala azimio lolote haliwezi.

Tena angalieni kinaya kilichopo: vilabu vinavyotuletea Kiswahili uwanjani, kama tulivyotaja, vingi ni vya polisi, magereza na jeshi.

Tunamkumbuka mzee mmoja, baba wa mchezaji wetu, aliyekuja kumtazama binti yake akicheza mchezo wa kirafiki na timu ya wanawake wa idara mojawapo kutoka nchi jirani. Alipoambiwa kazi ya wageni wale, alikaa mbali. Mchezo ulipokwisha, wageni wakapita mbele ya watu wazima kuaga, na mmoja wao, mwanamke mrefu mwenye mkono uliofungwa bendeji, akainama akamwambia: “Shikamoo, mzee.” Mzee hakujibu. Wageni walipokwisha kupita, akatuita kando, akatuuliza kwa Rukiga neno lile maana yake nini. Tukamweleza. Akauliza tena: na hujibiwaje? Tukamwambia. Akajaribu mara mbili, chini kwa chini, “marahaba, marahaba”, kisha akainuka na fimbo yake akalifuata basi la wageni. Hatujui kama alimkuta yule mwanamke kabla basi halijaondoka, maana tulibaki kukusanya mipira. Binti yake aliendelea na somo la Kiswahili hadi kidato cha sita.

Rwanda nako lugha hii ilikuwa na hadithi yake. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa lugha ya wafanyabiashara na ya mitaa fulani ya miji, kama Nyamirambo huko Kigali; mtu wa shule alisema Kifaransa, na baadaye Kiingereza. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi. Tangu hapo wenzetu wa ng'ambo wana kazi nyingi na walimu wachache, kama sisi.

Huko Rwanda mpira wa wavu ulikita mizizi hasa katika shule za Butare, mji ambao sasa huitwa Huye. Mmoja wa walimu waliouotesha ni Alphonse Rutsindura wa seminari ndogo ya Virgo Fidelis, aliyefundisha muziki na mpira huu pamoja. Aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mashindano yenye jina lake hufanyika Huye, na Kigali hufanyika mashindano mengine ya kuwakumbuka watu wa mchezo huu waliouawa wakati huo, ambayo yamepata kuvileta vilabu vya Kenya na Uganda. Tumekwenda Huye na vijana wetu. Kabla ya kwenda twawaeleza wanakokwenda, kwa maana si haki kijana aingie katika uwanja wenye jina la mwalimu asijue kwa nini jina limewekwa pale. Huwa hawaulizi maswali mengi. Lakini tumeona kwamba wakifika huzungumza na wenyeji kwa upole zaidi, na kwa kuwa hawajui Kinyarwanda cha kutosha, wala wenyeji Rukiga, upole huo hupita katika Kiswahili. Mwalimu mmoja wa Huye alituambia kwamba hajawahi kukisikia Kiswahili cha polepole kama kile. Alikuwa amezoea cha madereva.

Turudi kwenye istilahi, maana wasomaji wetu watatudai. Huanza vizuri: wavu, kuanzisha, kupokea, kuzuia, ndani, nje. Halafu shida huingia. Mchezaji anayeandaa mguso wa pili, ambaye ndiye ubongo wa timu, tulijaribu kumwita “mpangaji”. Darasa likacheka, kwa sababu mpangaji ni yule anayedaiwa kodi ya nyumba. Tukamwita mshambulizi wa mguso wa tatu “mpigaji”. Mwenzetu wa Tanga akatuonya kwamba huko kwao siku hizi mpigaji ni mtu anayekula fedha za umma. Wanafunzi wenyewe wamekwisha kuamua: wanasema “seta” na “smashi”, na hatuoni sababu ya kupigana nao. Kwenye hesabu mambo ni mepesi. Zamani timu iliyoanzisha mpira ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi, na seti iliishia 15. Sheria zilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kila mpira ukawa na pointi yake, na seti zikaenda hadi 25, isipokuwa ya tano. Kwa mwalimu wa Kiswahili hiyo ni faida ya pointi kumi kila seti: kijana aliyewahi kusimama kwenye ubao wa kuhesabia katika seti iliyofika 31 kwa 29 hatasahau tena “thelathini na moja” maishani mwake.

Sasa tuseme lililo chungu. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka tarehe 31 Januari 2022. Sababu zake zilikuwa za serikali, na hatutaziingilia. Tunasema tu kilichotokea uwanjani. Ziara za Huye zilikoma. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, hata kukutana sisi kwa sisi kulikoma. Wanafunzi wetu waliokuwa wakiandikiana barua na wenzao wa Huye, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo masharti tuliyowapa, waliacha mmoja mmoja. Kidato kizima kiliingia na kutoka bila kumwona jirani anayeishi mwendo wa asubuhi moja. Wengine husema kwamba wavu ni mfano wa mpaka. Sisi mfano huo hatuupendi, maana wavu huuacha mpira upite bila pasipoti. Na mwezi Januari 2024 Burundi nayo ilifunga mipaka yake na Rwanda. Kutoka Kigali hadi Bujumbura ni kilomita zisizofika 300. Ni safari ya Baltiki kabisa, lakini haipitiki.

Kuna na mpaka mwingine usio na askari wala kizuizi. Bukavu iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, na kutoka upande wa Rwanda mtu huvuka daraja tu akafika. Watu wa Bukavu na Goma husema Kiswahili sokoni, kanisani na nyumbani. Ni chao, chenye ladha yake. Lakini katika ramani ya shirikisho la mpira, Kongo imo katika Kanda ya Nne, pamoja na Kameruni, Gabon na wenzao wa magharibi. Hivyo vilabu vinavyosema Kiswahili kuliko sisi hupelekwa kutafuta majirani upande wa Bahari ya Atlantiki. Hatumlaumu mtu, ramani ilichorwa kwa nchi nzima nzima, na Kinshasa ni mbali sana na Bukavu. Tunasema tu kwamba ramani ya lugha ingechorwa vingine.

Ndiyo maana twatamani ligi ndogo. Hatusemi ya mabingwa wa nchi. Hao wana kanda yao na wafadhili wao. Twasema ligi ya miji ya mipakani: Kabale, Mbarara, Huye, Rusizi, Bukoba, na Bukavu na Bujumbura siku amani itakaporuhusu. Timu moja ije kwetu mwezi huu, sisi twende kwao mwezi ujao. Walale majumbani mwa watu badala ya hoteli, maana fedha za hoteli hakuna, na nyumbani mwa watu ndimo lugha inamoingia. Ugumu wake twaujua. Basi la kukodi ni ghali, hati za kusafiria za watoto huchelewa, na walimu wakuu wengi huogopa kuwajibika kwa mwanafunzi aliyevuka mpaka. Tumepata kukataliwa na ofisi zaidi ya moja. Lakini mashindano ya siku tatu kwa mwaka humfundisha kijana kusalimu na kuaga tu. Maneno ya katikati hutaka kurudiana. Humjui mtu uliyemsalimu mara moja, na hujajua lugha uliyoitumia mara moja.

Mpaka ulipofunguliwa mwaka 2022, barua ya kwanza ilitufikia kutoka Huye kabla ya Pasaka, imebebwa na dereva wa lori. Aliyeiandika alikuwa kijana mchezaji, ambaye tulimwacha akiwa mtoto wa kidato cha pili na sasa alikuwa akikaribia kumaliza shule. Barua ilikuwa ya mistari sita. Alituuliza hali, akatutajia waliohama na mwalimu aliyestaafu, akasema timu yao ina mpokeaji mpya hodari. Kisha, chini ya jina lake, aliongeza swali kwa wanafunzi wetu: je, ninyi huko bado mnasema “yangu”?